Kijaluba Chini ya Mashati

Hilali mwanangu,

Barua hufunguliwa kwa salamu, lakini salamu zako nimezipokea mchana, uliposimama mlangoni ukasema, "Mama, nakwenda kuwaaga wazee," ukatoka bila kunitazama machoni. Basi naingia moja kwa moja. Jua halijazama, taa sijawasha, na nataka nimalize kabla hujarudi.

Sitakuandikia habari za kufua soksi, wala kuswali kwa wakati, wala kuchagua marafiki. Hayo umeyasikia mpaka masikio yamechoka, na mama yako mkubwa Zuwena atayarudia yote kesho tukishuka Tabora, pamoja na kopo lake la halua, kabla hujapanda treni ya Mwanza. Nakuandikia kwa sababu nilipokuwa nakupangia sanduku nimekuta kijaluba chako cha kalamu chini ya mashati. Kilikuwa chepesi mno. Nilipokitikisa kikalia kama njugu, nikakifungua.

Vidonge vinane vyeupe, vimefungwa kwenye karatasi ya daftari la hesabu. Sikuhitaji kusoma maandishi yoyote. Nilivijua kama mtu anavyomjua mtu aliyewahi kulala naye nyumba moja. Nikakaa chini, papo hapo sakafuni, pasi ya mkaa ikiwa mkononi. Shati lako la buluu limeungua kidogo kwenye kola. Utanisamehe hilo. Mengine tutaona.

Nimejiuliza tangu lini. Nadhani ni msimu huu uliopita, ulipokuwa unachunga moto wa bani la kukaushia tumbaku mchana kutwa kisha unakaa na vitabu vya mtihani. Ulikonda. Mikono ilitetemeka ukishika kikombe. Ulicheka kwa sauti isiyo yako, ukasema husikii njaa. Mimi nikajidanganya kwamba ni mapenzi. Nilijitia hamnazo, mimi, mtu ambaye katika kijiji hiki chote nilipaswa kuwa wa kwanza kujua!

Wewe unajua kwamba niliugua. Hujui niliugua nini, kwa sababu kila mara ulipokaribia kuuliza nilikutuma maji. Leo nakuambia.

Mimi ni mtoto wa Gongoni, Tabora mjini. Baba yangu alipenda kutukumbusha kwamba babu yake Mwarabu alikuja na misafara kutoka pwani, na kwamba tangu siku hiyo jina la nyumba yetu halijawahi kusengenywa kwenye baraza ya mtu. Wewe ulizaliwa mwaka wa uhuru, na mimi nilikuwa muuguzi mchanga mwenye kiburi. Ulipofika miaka saba tukasikia kuna kijiji kipya cha ujamaa huku Goweko, kina kituo cha afya na hakina muuguzi. Nikainua mkono. Dada Zuwena alilia kana kwamba nakwenda kuzikwa. Mimi niliimba njia nzima.

Kazi ilikuwa kubwa kuliko wimbo. Bwana mganga alikuwa mmoja, mimi mmoja, na wanawake walijifungua kila saa. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa dereva wa lori la kubeba tumbaku, na yeye ndiye aliyenipa kidonge cha kwanza. Simsemi kwa ubaya. Madereva wote walikuwa navyo mfukoni. "Meza hiki," aliniambia, "hutasikia uchovu." Ni kweli sikuusikia. Nilifagia kituo, nikazalisha watoto wawili, nikaandika daftari lote, na kesho yake nikaendelea na kazi kana kwamba nilikuwa nimelala. Nilijiona mwanamke wa chuma. Sikudanganyi hapo, Hilali. Kilikuwa kitu kitamu, na nina hakika kwako pia ni kitamu, ndiyo maana nakuandikia kurasa badala ya kukuzaba kofi.

Mwaka huo mvua zilikuwa nzuri na tumbaku ikaiva kwa pamoja. Unajua bani linavyotaka: siku saba, moto haulali, joto linapandishwa kidogo kidogo mpaka jani ligeuke manjano kisha likauke mpaka kikonyo. Ukizidisha moto siku ya pili, bani zima limeharibika. Mabani yalikuwa machache, na wanaume waliokesha nayo walitakiwa pia shamba la pamoja asubuhi. Mimi, kwa akili zangu, nikaenda kwao na bakuli. Nikawagawia vidonge vya mume wangu, kila mtu kimoja, kisha kila mtu viwili. Kwenye mkutano wa kijiji wakanipigia makofi. Mwenyekiti akasema muuguzi huyu ndiye mjamaa wa kweli, na nilitembea wiki nzima nimeinua kidevu.

Jambo ambalo hakuna aliyeliona ni kwamba mimi sikuweza tena kulala. Nikifumba macho moyo unapiga ngoma. Kwenye kabati la kituo kulikuwa na vichupa vya pethidini, sindano ya maumivu, kwa ajili ya waliovunjika na walioungua. Nikajichoma kidogo ili nilale. Nikalala usingizi wa mtoto. Basi nikawa na kidonge cha kuniamsha na sindano ya kunilaza, na baada ya miezi michache sikuhitaji tena kidonge wala usingizi. Nilihitaji sindano tu. Kila nilichovuta kwenye kichupa nilikifidia kwa maji yaliyochemshwa, ili bwana mganga akitazama kabatini aone vimejaa.

Sasa nakuja pale ambapo kalamu inakataa. Naisukuma.

Mzee Nkwabi, ambaye sasa hivi pengine umekaa naye uwanjani, alichunga bani siku tatu bila mtu wa kumpokea. Alikuwa amemeza vidonge vyangu. Mchana wa siku ya tatu akaishiwa nguvu, akaangukia bomba la bati linalopitisha moto ndani ya bani. Ule mkono wake uliokunjamana, ambao utotoni ulikuwa ukiuogopa, uliungua siku hiyo, pamoja na ubavu. Walimleta kwenye machela ya magunia. Bwana mganga alikuwa amekwenda Tabora kuchukua dawa. Nilikuwa peke yangu, na nilijua kichupa kilichobaki kina nini ndani yake.

Nilimchoma maji, Hilali. Watu wakiwa wamesimama, mke wake akiwa ameshika miguu yake, nilivuta maji kwenye bomba la sindano nikamchoma.

Alingoja. Akanitazama akasema, "Mama nesi, mbona bado inauma?"

Nikamjibu, "Subiri, itashika."

Aliuliza tena na tena mpaka lori likaja kumpeleka hospitali. Kila alipouliza nilimwambia asubiri. Halafu, baba yako akiwa barabarani na lori kama siku zote, nikakuchukua wewe, nikapanda treni ya kwanza kwenda Tabora, nikabisha mlango wa dada Zuwena. Nilikimbia. Hakuna neno lingine la kulipamba.

Dada Zuwena hakuniuliza kitu. Alinipa chumba cha nyuma, akafunga madirisha, akawaambia majirani nina homa kali isiyotaka mwanga. Maumivu ya kukosa sindano yaliponishika nikaanza kupiga kelele, na nyumbani walikuwa wakijiandaa na harusi, wageni wanaingia na kutoka. Basi akamtafuta mtu wa kuuza dawa kwa mlango wa uani, akanunua vichupa, akaniletea chini ya kanga. "Tulia, mdogo wangu," aliniambia, "watu wasijue." Alifanya hivyo kwa mapenzi. Nakuomba uliamini hilo, maana kesho utambusu mkono. Alinipenda sana, na kwa mapenzi hayo alikuwa ananiua polepole ili mtaa wa Gongoni usipate la kusema.

Hata majini walitupiwa lawama. Nilifukizwa ubani mpaka nikatokwa na damu puani.

Kilichonitoa pale ni sauti yako. Ulikuwa na miaka minane. Mwalimu wa shule aliyokuingiza mama yako mkubwa alipita kuuliza kwa nini hujaenda shule siku nyingi, na kwa nini mama yako haonekani. Nilikuwa nimelala nyuma ya mlango. Nikakusikia ukisema, "Mama kaenda Igalula kumuuguza shangazi. Atarudi mwezi ukiandama." Hukusita. Huna shangazi Igalula. Uliisema kama mtoto anayesoma sura aliyoihifadhi vizuri, na mwalimu alipoondoka nikamsikia Zuwena akikusifu na kukupa kipande cha halua.

Nililia kuliko siku yoyote ya maumivu. Nilimwibia Mzee Nkwabi dawa yake, na sasa nilikuwa nimekufundisha wewe uongo mpaka umekuwa fundi. Kesho yake asubuhi nilikushika mkono tukatoka kwa mlango wa mbele. Dada Zuwena alisimama kizingitini akasema, "Ukitoka hivyo ulivyo, Gongoni nzima itajua."

"Ijue," nikamwambia. "Waite na wa mtaa wa pili."

Pengine unakumbuka safari ile. Nilitapika dirishani tangu Tabora mpaka Goweko, ukanishikilia gauni nisianguke. Tuliposhuka sikwenda kituoni wala nyumbani kwetu. Nilikwenda kwa Mama Kabula, mke wa Mzee Nkwabi, mwanamke ambaye tayari alikuwa balozi wa nyumba kumi. Tulimkuta anafunga majani ya tumbaku kwenye vijiti. Nikapiga magoti. "Shikamoo, mama."

Hakuitika. Aliendelea kufunga majani.

Nikamwambia yote, hapo kwenye vumbi, wewe ukicheza mbali na watoto wa jirani. Kuhusu vidonge, kuhusu vichupa, kuhusu maji. Alimaliza kijiti kimoja akachukua kingine. Mwishowe akasema, "Nilijua. Mume wangu si mtoto wa kulia bure." Kisha akasema, "Kesho kuna mkutano. Utayasema hayohayo."

Niliyasema. Kuna waliotaka niletewe polisi palepale, na walikuwa na haki. Bwana mganga alinipokonya funguo mbele ya watu, na kazi yangu ya uuguzi ikaishia hapo. Kuna aliyesema nirudishwe mjini kwa Waarabu wenzangu nikafie huko. Hapo Mama Kabula akasimama. Nayakumbuka maneno yake kama yalivyo: "Sisi tunakesha na majani siku saba tusipitiwe, tunawekeana zamu, mmoja akichoka mwingine anashika. Huyu ni mtu. Tutashindwaje na mtu? Mniandikie zamu. Ya kwanza yangu."

Basi wakanikausha kama tumbaku, Hilali. Nacheka nikiandika, lakini ndivyo ilivyokuwa. Bwana mganga aliogopa kunikatia dawa ghafla, akasema atanipunguzia kidogo kidogo, na wakulima wakamwelewa kuliko mimi nilivyomwelewa, maana walijua jani halitaki pupa. Sanduku la dawa lilifungwa na ufunguo akapewa Mama Kabula. Hakuna aliyekuwa na sababu kubwa ya kuniacha nife kuliko yule mama, na yeye ndiye aliyevaa ufunguo ule shingoni. Wanawake walikuja kwa zamu na kazi zao mikononi: wa kupepeta, wa kusuka ukili, wa kunyonyesha. Waliniosha. Walinilisha michembe ya viazi vikavu iliyolowekwa, kama bibi kizee. Nilipowatukana walinitukana pia, kwa Kinyamwezi, kisha wakaniletea uji.

Siku moja alasiri Mzee Nkwabi mwenyewe akaja, mkono ukiwa umefungwa bendeji, akakaa kwenye kigoda mlangoni. Ilikuwa zamu yake. Hakuna aliyemlazimisha. Mifupa yangu ilikuwa inaniuma mpaka kwenye meno, nikamsihi amwombe mkewe ufunguo, mara moja tu, Mzee, nakufa. Alisogeza kigoda karibu.

"Mimi nilisubiri, mama nesi," akasema. "Na wewe subiri."

Hakulisema kwa kisasi. Alibaki pale mpaka mtu wa zamu nyingine alipofika, na alinipangusa jasho kwa ule mkono mzima.

Usidhani iliisha hapo kwa ngoma na vigelegele. Siku saba zilipita, wakaanza saba nyingine, na nyingine. Wakati mmoja nilitoroka. Nilifuata reli kwa miguu kwenda Igalula kumtafuta muuza dawa, wakanikuta njiani nimekaa kwenye mataruma, miguu imepasuka. Hawakunipiga. Mama Kabula alisema tu, "Haya, tunaanza tena," akaniongoza nyumbani. Nilipita mbele ya watu wote waliokuwa wakichambua tumbaku. Nilitaka ardhi inimeze. Haikunimeza, na kesho yake nilikuwa bado hai.

Mpaka leo nikinusa spiriti moyo unaruka. Ndiyo maana sindano za kuku wetu nampa jirani azichome. Sijapona kwa namna ya kusahau, na sioni haya kukuambia.

Walioniita mteja wa sindano kisimani, nimewajibu kwa jina hilohilo nikiwa na ndoo kichwani. Nilipokwenda Gongoni kwenye msiba wa baba, wanawake wakasogea mkekani nisikae karibu nao. Nikasogea pale walipohamia. Dada Zuwena alichukua miaka mitatu kunizoea upya. Sikumpunguzia kitu katika habari yangu hata neno moja. Aliyetaka kuijua aliisikia kutoka kwangu, na aliyetaka kuninong'onea nyuma ya kanga alikuta hana jipya la kunong'ona.

Mtu mmoja tu ndiye niliyemficha, nawe ndiye; niliwaomba watu wazima wasikuambie, wakanitunzia. Nilisema ni mtoto, nitamwambia akikua. Ukakua. Nikasema nitamwambia baada ya mtihani. Nikalifanya lile la dada Zuwena, mimi mwenyewe, ndani ya nyumba yangu. Ukaona kwamba mambo mazito hapa hutiwa chini ya mashati, na ukayatia. Hilo kosa ni langu, nalichukua lote. La kumeza vidonge ni lako.

Unakwenda kusoma uganga. Siku moja utapewa ufunguo wa kabati, na kutakuwa na mtu mezani anakuuliza mbona bado inauma. Sitaki umjibu kwa mikono inayotetemeka.

Sasa sikiliza, na ukasirike ukitaka. Baada ya kukuta kijaluba sikukaa na siri hiyo. Saa tisa, wewe ukiwa msikitini, nilikwenda kwa Mama Kabula nikamwambia. Kwa hiyo hapo ulipo sasa, unapokula karanga zake na kupokea dua zake, anajua. Mzee Nkwabi naye anajua. Hawatakuambia kitu, maana nimewaomba waniachie mimi. Nilijua utaona nimekusaliti. Kasirika, piga mlango, niite jina lolote. Nimeshawahi kuitwa yote.

Vidonge viko kwenye kijaluba vyote vinane, na barua hii nitaizungusha kwenye kijaluba chenyewe, palepale ulipokificha, chini ya shati la buluu lenye kola iliyoungua. Sikuvitupa, kwa sababu ungepata vingine kwa dereva wa kwanza kupita. Nataka uvilete wewe. Ukivileta, kesho tutavipeleka kwa bwana mganga kabla ya treni, na utamwambia umemeza vingapi na tangu lini. Akisema usisafiri, treni itakwenda bila wewe, na mama yako mkubwa atakula halua yake. Akisema nenda, tutamwandikia mtu wa huko chuoni ajue, na utakwenda ukijulikana. Usipovileta, nitakuuliza stesheni ya Tabora mbele ya Zuwena na abiria wote, kwa sauti hii yangu ambayo unaijua.

Mama Kabula tayari ameandika zamu kwenye karatasi ya mfuko wa mbolea. Ya kwanza yake, ya pili ya mumewe. Jina langu hakuliandika. Alisema mimi zamu yangu ilianza ulipozaliwa.

Siku ile nilipopiga magoti kwake, shikamoo yangu ilikaa bila jibu. Alikuja kuiitika siku ya ishirini na mbili, asubuhi, nilipoamka nikamwomba chumvi kwenye uji. "Marahaba, mwanangu," akasema, ghafla tu, nami nikajua anajibu ile ya siku ya kwanza. Nisingependa mtu yeyote angoje hivyo, hasa wewe.

Nasikia mbwa wa kwa Mama Kabula akibweka, nadhani umetoka kwao. Taa nitaiwasha sasa. Mlango wangu haujafungwa. Njoo na kijaluba mkononi, na kabla hujasema shikamoo, nitakuwa nimeshaitika.

Marahaba, Hilali.

Mama yako